Bunduki Iliyosalimishwa Mara Mbili

"Weka chini hiyo bunduki, shemeji."

"Siweki."

"Nimesema weka chini!"

"Na mimi nimesema siweki. Umeziba masikio au umeziba akili?"

Tuliwaacha hivyo wiki iliyopita, mwanamke kashika kitako, mwanamume kashika mtutu, wanavutana katikati ya karakana ya shule iliyofungwa. Kwa aliyefungia sabuni gazeti lile kabla ya kulisoma, haya ndiyo ya kujua.

Mwanamke ni Fundi. Ni mjane, ana stashahada ya mitambo, na kwa miezi mitatu kazi yake imekuwa kukata kwa msumeno kila bunduki ambayo wananchi wanaisalimisha chini ya msamaha wa serikali. Ukileta silaha huulizwi jina wala ulikoitoa. Unapewa hati ya mabati kumi, unakwenda zako.

Mwanamume ni Mratibu wa mpango huo, mdogo wa marehemu mume wa Fundi. Ana tai nne na wazo moja.

Bunduki wanayoivuta ni ya marehemu baba yake Fundi, bunduki ya kuwindia. Mdogo wake Fundi, mlinzi wa ghala, aliisalimisha hapahapa miezi miwili iliyopita. Fundi aliikata kwa mkono wake. Leo saa tisa alasiri amefungua kasha la silaha mpya zilizopokelewa asubuhi, akaikuta imelala humo, imerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Huyo mdogo wake leo ana siku ya tisa mahabusu. Ghala lake liliporwa, na msimamizi aliapa kwamba jambazi mmoja alibeba bunduki ya marehemu mzee wao, ile yenye bamba la shaba kwenye kitako. Polisi wakamuuliza mlinzi iko wapi. Akasema niliisalimisha. Wakafungua daftari la mpango. Bunduki yenye bamba la shaba haimo. Akawaonyesha hati yake ya mabati. Hati haina jina, maana mpango hauulizi jina.

Basi. Turudi karakana.

Mratibu aliachia mtutu ghafla, akijua Fundi atayumba. Fundi hakuyumba. Mwanamke anayekata chuma kutwa nzima ana miguu.

"Hiyo si bunduki ya mzee," alisema Mratibu. "Bunduki zinafanana."

"Zinafanana na nini? Na visingizio vyako?" Fundi aligeuza kitako. "Angalia. Bamba wameling'oa, lakini mti ulio chini yake haujapauka kama mwingine. Tundu nne za skrubu. Hata majambazi wenyewe ni wavivu. Wamefanana na ofisi yako."

"Tundu za skrubu ndizo ushahidi?"

"Njoo uangalie mdomo."

"Sina haja."

"Najua huna haja. Njoo hivyohivyo."

Akaubana mtutu kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani, akaelekeza taa. Mdomo wa bunduki ulikuwa umekatwa. Mkato haukuwa umenyooka. Ulikwenda mshazari, umelalia kushoto.

"Jiliwa hili taya lake moja limelegea," alisema Fundi. "Nimekuandikia barua tatu nikuombe jipya. Ukajibu hakuna fungu. Basi kila ninachokata humu kinalalia kushoto. Hakuna fundi mwingine anayekata hivi, kwa sababu hakuna fundi mwingine anayekubali kukatia kwenye takataka kama hii. Huu mkato ni wangu. Kwa hiyo bunduki hii iliingia humu, ilikatwa humu, ikatoka humu. Daftari lako linadanganya."

"Msumeno ni msumeno."

"Haya, subiri."

Akainamia karai chini ya meza. Humo vilikuwamo vipande vya midomo ya bunduki, vile ambavyo mnunuzi wa chuma chakavu havitaki kwa sababu ni vidogo. Akachagua kimoja, akakitupa. Cha pili, akakitupa. Cha saba akakisogeza kwenye mtutu. Kikakaa. Hata unywele usingepita.

Mratibu alikitazama. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamume mwenye hoja hafanyi. Alikipokonya, akakirusha dirishani kati ya nondo, kikaangukia kwenye lundo la vyuma uani, mahali penye vipande elfu vinavyofanana nacho.

"Kitafute sasa," alisema.

"Umemaliza? Kwa sababu mdomo wa bunduki bado ninao, na jiliwa bado ninalo. Ulichorusha ni haya yako."

"Shemeji, chunga ulimi."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nikakuambia, tukate hapa nyuma, kwenye chumba cha risasi, ife moja kwa moja. Ukasema kata mdomoni, mkato mmoja, bledi ni chache. Unajua bunduki ya kuwindia ikikatwa mdomo inakuwa nini?"

"Inakuwa chuma chakavu."

"Inakuwa bunduki ya kuingia ndani ya koti! Jambazi yeyote angelipa fundi amfanyie hivyo. Sisi tunamfanyia bure, kwa mshahara wa serikali. Halafu Kilo anakuja Ijumaa na lori lake, anazibeba zikiwa fupi, tamu, tayari."

Kilo ndiye mnunuzi wa chuma chakavu. Zabuni alipewa na Mratibu, kwa sababu zisizohitaji chuo kuzielewa.

"Wakishazitumia wanazirudisha dirishani kama mpya," Fundi aliendelea. "Huwaulizi, wanachukua mabati mengine. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya msamaha, mzigo wa leo hauendi kwa Kilo, unakwenda tanurini mbele ya wakubwa, ndiyo maana wameirudisha hii ili ikayeyuke. Saa kumi dirisha linafungwa, lori la tanuri linaondoka, ushahidi unakuwa uji. Mdogo wangu anabaki ndani. Mpango wako hauna tundu, shemeji. Mpango wako wote ni tundu."

Mratibu akakaa kwenye ukingo wa meza. Akalegeza tai. Wanaomfahamu wanajua kwamba akilegeza tai anataka kununua kitu.

"Shemeji, tusipelekane mbali. Sisi ni familia."

"Tangu leo?"

"Nisikilize. Mdogo wako anaweza kutoka kesho asubuhi. Napiga simu moja kituoni, nasema daftari lilikosewa, bunduki ya mzee ilipokelewa, basi. Anarudi kwa mke wake. Wewe rudisha hiyo kwenye kasha, iende na nyingine."

Fundi alinyamaza.

Usimcheke, msomaji. Jana alipokwenda kumtazama, mdogo wake alikuwa amekonda hadi shati likawa la mtu mwingine. Hakulalamika kitu. Aliuliza tu kama mabati ya nyumbani yanavuja, kwa sababu upande wa chumba cha watoto alikuwa hajamaliza kupigilia. Mtu kama huyo ukiambiwa atatoka kesho, unanyamaza kwanza.

"Piga sasa," alisema Fundi.

"Nini?"

"Hiyo simu. Piga hapahapa nikisikia. Useme daftari lilikosewa. Ukimaliza nairudisha."

"Nimesema kesho."

"Kesho kuna nini ambacho leo hakipo?"

"Leo nina shughuli."

"Leo bunduki ipo. Kesho haipo, na wewe utakuwa hunijui. Ulimfanyia kaka yako hivyohivyo akiwa mgonjwa. 'Kesho nakuja, kaka.' Mpaka tumezika, kesho yako haijafika."

Hilo lilimpata. Mratibu akakaza tai tena. Duka limefungwa.

"Vizuri. Basi tuambiane kweli. Huo mkato ni wa nani?"

"Wangu. Nimekwisha sema."

"Wako. Mimi msumeno sijaushika tangu nizaliwe. Amri ya kukata mdomoni imeandikwa wapi? Nionyeshe karatasi."

"Ulinitamkia hapa nilipo."

"Nilitamka." Akacheka. "Ukienda mbele ya hakimu umwambie shemeji alitamka. Bunduki zote fupi zilizotoka humu zina alama ya mkono wako. Umejieleza vizuri sana, mshazari, kushoto. Nakushukuru."

Akatazama saa yake. Saa tisa na dakika arobaini. Kitu kikamjia kichwani, na kwa kuwa ni nadra, kilionekana usoni mara moja.

Akatoka. Mlango ukavutwa. Kufuli likabofya kwa nje.

"We!" Fundi alipiga mlango. "Fungua!"

"Kaa nayo, si unaitaka?" Sauti ilikuwa na furaha ya mtu mdogo. "Saa kumi ikifika nakuja na afande. Atakukuta na bunduki isiyo na kibali, msamaha umeisha. Miaka kumi na tano, shemeji! Mwanao nitamlea mimi."

Hatua zikaondoka.

Dakika ishirini. Dirisha lina nondo. Kupiga kelele hakusaidii, maana uani kuna watu mia wanaopiga kelele zao. Mwanamke mwingine wa kwenye hadithi angeanguka kwenye kiti akalia. Huyu alivaa miwani ya kazi.

Mlango ulikuwa wa mbao nzito, unafungukia ndani. Mlango unaofungukia ndani, bawaba zake ziko wapi? Ziko ndani. Mratibu alikuwa amefunga kwa kufuli la mtumba upande mmoja, na upande wa pili amemwachia Fundi chumba kizima cha nyundo.

Ndiyo watu wanaopewa mipango ya taifa.

Akachukua tindo. Pini ya juu ikatoka kwa mapigo mawili. Ya kati kwa matatu. Ya chini ilikuwa na kutu. Akaimwagia mafuta, akahesabu hadi thelathini kama walivyofundishwa chuoni, akapiga. Ikatoka. Akachomeka ncha ya tindo kwenye ufa, akavuta. Mlango ukalegea upande usiotarajiwa, ukainama, ukamwachia nafasi ya kupita ubavu.

Aliviringisha bunduki ndani ya aproni yake. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Uani foleni ilikuwa imejikunja mara mbili. Juu yake kuna bango, picha ya Mratibu akitabasamu kwa meno ambayo si yote yake, na maneno aliyotunga mwenyewe na kuyarudia redioni hadi watoto wakayaimba: MTU YEYOTE, SILAHA YOYOTE, BILA SWALI LOLOTE.

Wananchi walikuwa wameyaelewa vizuri kuliko mtunzi. Mmoja alishika bomba la maji lililopigiliwa misumari juu ya ubao.

"Hiyo nayo inafyatua?" aliuliza jirani yake.

"Ukiiomba vizuri."

"Mimi nimekuja mara ya tatu. Ya kwanza niliezeka jiko, ya pili banda la kuku."

"Na hii?"

"Choo. Ikibaki bati nitamalizia uzio."

Fundi akawapita. Kelele zikazuka.

"Foleni, mama!"

"Tumekuja alfajiri hapa!"

"Wafanyakazi wa humu ndio wanajiona!"

Karibu na dirisha, nafasi ya pili kutoka mbele, mwanamke mnene mwenye kanga mabegani aligeuka. Alikuwa wifi yake Fundi, mke wa mdogo wake. Alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi bila silaha yoyote, ili akifika dirishani aombe kwa mara ya sita kuonyeshwa daftari.

"Wifi! Umetokwa na jasho hivyo, kuna nini?"

"Nimeipata."

"Umeipata nini?"

Fundi akafunua ncha ya aproni. Wifi akaona kitako, akaona tundu nne. Aliziba mdomo kwa mkono, kisha akauondoa mkono akautumia kwa kazi bora: alimvuta Fundi mbele yake.

"Huyu yuko na mimi!" aliwaambia watu. "Nilimshikia nafasi. Mwenye neno aje alitamke hapa mbele yangu."

Hakuna aliyekuja.

Mtu wa mbele alimaliza. Fundi akasimama dirishani. Ndani alikaa Karani, mzee kidogo, miwani imefungwa kwa waya kwenye kipini, mihuri mitatu imepangwa mbele yake kwa ukubwa. Miezi mitatu hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu wala akikosea tarehe.

"Fundi, umepotea njia," alisema Karani. "Karakana ni kule."

"Nimekuja kusalimisha."

Akaweka aproni kwenye ubao wa dirisha, akaifunua. Karani aliitazama ile bunduki kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyotaka. Akavuta fomu.

"Aina, ya kuwindia. Hali..." Kalamu ikasita. "Hali, imekatwa."

"Mshazari, kushoto. Andika hivyo."

Akaandika. Hapo ndipo sauti ikasikika kutoka nyuma.

"Afande! Yule pale! Mkamate, ana bunduki!"

Mratibu alikuwa anakuja mbio, tai begani, na nyuma yake afande wa getini, kijana mrefu anayetembea taratibu kwa sababu buti zimembana. Mratibu alikuwa amerudi karakana kuchungulia, akaukuta mlango umelala upande. Usoni alikuwa na rangi ya majivu.

"Ana bunduki isiyo na kibali," alisema akihema. "Nimemshuhudia mwenyewe."

Afande akatazama bunduki juu ya ubao. Akatazama foleni, watu mia, kila mmoja na yake.

"Mkuu, hapa wote wana bunduki."

"Huyu ni mfanyakazi! Wafanyakazi hawaruhusiwi kusalimisha!"

"Imeandikwa wapi?" aliuliza Wifi. "Bango lako linasema mtu yeyote. Kwani wifi yangu ni meza?"

Foleni ikacheka. Mratibu alichukia kuchekwa kuliko alivyochukia wizi.

"Saa ngapi, Karani?" aliuliza afande.

"Saa kumi kasoro dakika saba."

"Basi msamaha bado." Afande akarudi hatua moja nyuma, akashukuru moyoni, maana karatasi za kumkamata mtu ni nyingi.

Mratibu akabadilika. Akashusha pumzi, akatabasamu kama kwenye picha.

"Haya. Haya, hakuna ugomvi. Ameisalimisha, mpokee, mpe mabati yake kumi. Iwekwe kwenye kasha pamoja na nyingine. Lori lile pale linangoja."

Kweli lori lilikuwa getini, injini inanguruma. Na Fundi, ambaye alikuwa amevunja mlango, amepita foleni ya watu mia na kumshinda mwanamume mwenye ofisi, aliona wazi alikofika. Akiisalimisha bunduki, inayeyuka. Akikaa nayo dakika saba, anakwenda jela. Njia zote mbili mdogo wake anabaki ndani.

"Karani," alisema polepole, "kuna namna yoyote ya bunduki iliyosalimishwa isiende kwenye tanuri?"

"Hakuna," alidakia Mratibu.

"Sijakuuliza wewe."

Karani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Kisanduku cha saba," alisema.

"Karani!"

"Ameuliza, Mratibu. Kanuni zinasema akiuliza ajibiwe." Akaigeuza fomu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama siafu, paliandikwa MAELEZO YA HIARI. "Mwenye kusalimisha akiandika hapa kwamba silaha hii ilihusika na kosa, silaha haiyeyushwi. Inakwenda kituoni kama kielelezo. Nakala moja polisi, moja kwa hakimu, moja inabaki hapa."

"Mbona hujawahi kutuambia!" Wifi alipiga ubao.

"Hakuna aliyeuliza. Na kuna kifungu cha pili." Karani alisoma bila kuinua macho. "Anayeandika lazima atie jina na saini, na msamaha haumhusu tena. Anaondoka pamoja na silaha."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Mahabusu."

Fundi akainamia fomu, akakisoma mwenyewe.

"Kifungu hicho nani alikiweka?" aliuliza Fundi.

Aliyekiweka alikuwa anatazama viatu vyake. Msamaha wa bure kwa kila anayenyamaza, pingu kwa atakayesema. Ukitaka kumjua mtu, soma herufi zake ndogo.

"Niandike mimi," alisema Wifi. "Ni mume wangu. Nipe hiyo kalamu."

"Utaandika nini? Wewe hujaikata."

"Nitasema nimeikata."

"Kwa kitu gani, kwa kisu cha jikoni? Wifi, una watoto wanne, na mdogo ananyonya."

"Na wewe una mmoja!"

"Ana miaka kumi na minne, anajua kuwasha jiko." Fundi alikwisha vuta fomu. "Akitoka shule aje kwako. Ufunguo uko kwa jirani. Mwambie sare ipo kwenye beseni, aifue leo isije ikanuka, na asidanganye kwamba hana hesabu za kufanya. Anazo."

"Wifi, subiri kwanza tuongee—"

"Tutaongea nikitoka."

"Shemeji!" Mratibu alisogea, sauti imeshuka hadi kuwa kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Usiwe mjinga. Nitapiga simu. Sasa hivi. Hii hapa simu, angalia, naishika."

"Ulikuwa nayo nusu saa iliyopita."

"Utaozea ndani kwa ajili ya daftari?"

"Kwa ajili ya mdogo wangu. Daftari ni lako." Akageukia dirisha. "Karani, saa?"

"Kasoro dakika nne."

Akaandika. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu wa michoro, ili hata hakimu mvivu asisingizie macho:

*Bunduki hii ilisalimishwa hapa miezi miwili iliyopita na mdogo wangu. Niliikata mimi, mdomoni, kwa amri ya Mratibu, kwenye jiliwa bovu la karakana, na mkato ukaenda mshazari kushoto. Iliondoka kwenye lori la Kilo. Ilitumika kupora ghala. Leo imerudishwa. Bunduki zote fupi zenye mkato kama huu nilizikata mimi, nazo zilitoka hapa. Jiliwa lipo, lipimwe.*

Akatia jina. Akatia saini. Akamrudishia Karani.

Mratibu alinyoosha mkono kuinyakua karatasi. Afande, ambaye alikuwa amesimama tu, akaushika ule mkono katikati ya njia.

"Mkuu, hii sasa ni ya polisi."

Karani alichukua muhuri mkubwa, akaupulizia, akaushusha. Ubao wa dirisha ukatikisika.

Fundi alikunja aproni yake mara mbili, akampa Wifi. Kisha akamnyooshea afande mikono yote miwili. Kijana alizitoa pingu kwa aibu, akazifunga kwa ulegevu.

"Samahani, mama."

"Zikaze. Halafu ishike bunduki vizuri, usiishike kama ufagio. Isitoke mkononi mwako mpaka uione imeandikwa kituoni. Huyu ana marafiki wenye malori."

"Sawa, mama."

Yule mwenye bomba la maji aliliweka chini taratibu, nyuma ya miguu yake.

Mratibu akageukia dirisha. "Dirisha lifungwe!" alipaza sauti. "Muda umeisha! Karani, funga, nenda nyumbani!"

Karani alitazama saa ya ukutani.

"Bado dakika moja," alisema.

Akavuta fomu nyingine kutoka kwenye rundo. Mbele ya dirisha hapakuwa na mtu. Akafungua droo, akatoa ukurasa uliochanwa kutoka kwenye daftari, wenye tarehe za miezi miwili iliyopita, umekunjwa mara nne, akaubana juu ya fomu kwa kibanio. Kisha akaigeuza fomu ielekee upande wake, akashuka moja kwa moja hadi kisanduku cha saba, akaanza kuandika jina lake mwenyewe.